Ruzuku kwa asasi za vijana wenye ulemavu na changamoto za afya ya akili: tunaangukia katikati ya madirisha mawili

#1 Mratibu_Moro (mleta uzi)

Habari zenu wadau.

Mimi ni mratibu wa kituo kidogo mkoani Morogoro. Tunahudumia vijana wa miaka 14 hadi 24: wenye kifafa, usonji, ulemavu wa akili, viziwi wachache, na wengine ambao ukiwaona huwezi kujua lolote ila wana sonona au wanasikia sauti. Wengi wana mambo mawili kwa pamoja. Tuko watu wanne, wawili ndio tunaolipwa. Nina miaka tisa kwenye kazi hii, na nimeona afadhali niyaandike haya niliyojifunza ili wenzangu wasipoteze muda nilioupoteza mimi.

Mwaka juzi tuliandika andiko moja la kuomba ruzuku tukalipeleka sehemu mbili. Sehemu ya kwanza walikuwa na dirisha la ulemavu, yaani fungu la ruzuku lililotengewa mada hiyo. Jibu likarudi kwamba walengwa wetu wengi ni wagonjwa wa akili, hilo ni suala la afya, tutafute wafadhili wa afya. Sehemu ya pili walikuwa na dirisha la afya ya akili kwa vijana. Hao nao wakasema walengwa wetu wengi wana ulemavu wa kudumu, wao wanafadhili kinga na ushauri nasaha mashuleni. Andiko lilelile, vijana walewale.

Siku niliyopata jibu la pili, mlangoni kwetu alikuwa amekaa binti wa miaka 17. Kifafa kimemwanza akiwa mdogo. Akiwa darasa la sita alianguka jikoni kwenye mafiga, na mkono wake wa kushoto vidole viwili vimeshikana kwa kovu mpaka leo. Shule ikaishia pale. Baada ya hapo akanyamaza, hasemi na mtu isipokuwa mama yake. Kwetu alianza kwa kukaa chini ya mwembe nje ya uzio, wiki tano nzima, akitazama wenzake wanavyofuma vikapu. Wiki ya sita akasogea mlangoni. Sasa niambieni, huyu ni wa dirisha lipi? Kovu ni la ulemavu, ukimya ni wa afya ya akili, na kifafa chenyewe Tanzania kinatibiwa kliniki ya magonjwa ya akili. Yeye ni mtu mmoja.

Na si jambo jipya mkoani kwetu. Kule Mahenge, Ulanga, Dk. Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta watu waliotengwa kwenye vibanda, wenye makovu ya moto, wasioguswa kwa kuogopa kuambukizwa. Miaka zaidi ya 60 imepita, na mimi bado nakutana na familia inayomtengea kijana sahani yake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliandika "vijana wenye ulemavu NA vijana wenye changamoto za afya ya akili", kana kwamba ni makundi mawili. Msomaji wa andiko akaona kundi lake ni nusu tu, akalirudisha. Siku hizi ukurasa wa kwanza naanza na sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inautafsiri ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, nao unataja ulemavu wa akili wa muda mrefu waziwazi. Nikishaweka hayo mawili namwelezea yule binti, bila jina na bila picha, ndipo naomba pesa. Tangu nianze hivyo sijaambiwa tena "nendeni dirisha la pili". Tumekataliwa kwa sababu nyingine, lakini siyo hiyo.

Kosa la pili lilikuwa kwenye kuhesabu. Wafadhili wengi sasa wanataka idadi ya walengwa kwa maswali ya Washington Group, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa. Yale mafupi yako sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa swali moja, huyo anahesabiwa kuwa na ulemavu. Tuliwauliza vijana wetu wote, na wenye sonona karibu wote wakatoka kapa. Wanaona, wanasikia, wanatembea, wanaoga. Hakuna swali hata moja kuhusu huzuni au hofu! Ripoti yetu ikaonyesha tunahudumia "wasio na ulemavu" na mfadhili akatushangaa. Baadaye ndiyo nikajua kuna moduli ya watoto waliyoitengeneza Washington Group pamoja na UNICEF, ya hadi miaka 17, yenye maswali ya wasiwasi na sonona. Kwa wakubwa kuna seti ndefu yenye maswali hayohayo. Andikeni kwenye andiko tangu mwanzo kwamba mtatumia hizo. Usipouliza swali, kijana wako hayupo kwenye karatasi, na asiyekuwepo kwenye karatasi hapangiwi bajeti.

La tatu, ambalo ndilo linaniuma zaidi, ni NAULI. Nitarudi nalo, naona giza linaingia na umeme wetu hauaminiki. Karibuni mchangie.

#2 Kijana_wa_Mbagala

Mkuu asante kwa uzi, nimejifunza hilo la maswali sita. Ila kwa nini mhangaike na wazungu wakati halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani? Asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu, na 4 ya vijana. Si muombe huko?

#3 Mratibu_Moro

Kaka, umeuliza la msingi. Ule ni mkopo. Hauna riba, ni kweli, na uko kisheria tangu marekebisho ya 2018: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini unarejeshwa. Serikali iliusimamisha 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipika, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa kijana aliyekwishatulia na dawa, ana kikundi, ana biashara ya kuku au ushonaji, nausifu kabisa, na vijana wetu watatu wameupata. Kwa kijana ambaye bado anakaa chini ya mwembe, mkopo ni mzigo. Huyo anahitaji mtu wa kumfuata kabla hajafikia kuhitaji mtaji, na huyo mtu wa kumfuata ndiye analipwa na ruzuku.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Ukienda dirisha la asilimia 2 kwa ajili ya kijana mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, unaulizwa "ulemavu wake uko wapi?" Nimeulizwa hivyo na mtu mwenye cheo, naye kijana amekaa pembeni yangu anasikia.

#4 Mhasibu_wa_Asasi

Naomba niongezee kwenye upande wangu, maana nimefunga hesabu za asasi ndogo kwa miaka mingi, na asasi za ulemavu ndizo zinazoumizwa zaidi na ukaguzi.

Mleta uzi amegusa nauli. Ngoja niwaambie nauli inavyoua mradi. Kijana wa kiti cha magurudumu hapandi daladala, anapanda bajaji. Kijana wa kifafa ambaye bado anaanguka hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni za watu wawili, kwenda na kurudi ni mara nne. Bodaboda hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mwisho wa mwaka mkaguzi anafungua faili, anakuta mamilioni yametoka kwa vijikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, anaandika "matumizi yasiyo na vielelezo". Mfadhili anadai arudishiwe. Nimeona asasi ikifunga ofisi kwa hilo, na pesa yote ilikuwa imeliwa na barabara kihalali kabisa.

Dawa yake ni kuiandika kwenye kanuni zenu za fedha KABLA ya mkataba: nauli ya mlengwa italipwa kwa fomu yenye tarehe, alikotoka, alikokwenda, kiasi, sahihi au dole gumba, namba ya simu ya mlezi, na kiwango cha juu kwa kila eneo kilichopitishwa na bodi. Mpelekee mfadhili kanuni hiyo aikubali kwa maandishi. Mkaguzi akija anakagua kama mmefuata kanuni mlizokubaliana, haanzi kutafuta EFD ya bodaboda. Na lipeni kwa simu kila inapowezekana, muamala unabaki.

Jingine ni gharama za uendeshaji. Msione aibu kuziomba. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi asilimia 7 bila kudai risiti zake. Serikali ya Marekani ilikuwa 10, ikapandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asasi ndogo zinaandika sifuri ili zionekane nzuri, halafu kodi ya pango inalipwa na mshahara wa mratibu.

Na kanuni zetu za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali msizisahau: ukisaini mkataba wa zaidi ya shilingi milioni 20, unauwasilisha kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Watu wanafurahia ruzuku, wanachinja mbuzi, siku 10 zinapita.

#5 Mratibu_Moro

Mhasibu ubarikiwe sana, umenimalizia nusu ya niliyotaka kusema.

Sisi ilitukuta. Sitamtaja mfadhili, maana watu wake waliokuja walikuwa wema na walilia walipokutana na vijana. Ila ofisi yao ya fedha ilikataa shilingi milioni tatu na laki sita za bodaboda na bajaji. Tuliirudisha kwa awamu, miezi kumi na moja, kutoka kwenye posho zetu. Katika miezi hiyo nauli haikuwepo, na mahudhurio yakashuka kutoka vijana 38 hadi 15. Nilikuwa naangalia daftari la mahudhurio kila Ijumaa, naona majina ya wa mbali yanafutika moja moja. Binti wa mwembeni alikuwa mmojawapo. Kwao ni kilomita 11.

Sasa nauli ni mstari wa kwanza kwenye bajeti yangu, juu ya mafunzo na juu ya kompyuta. Mstari wa pili ni mshahara wa mfuatiliaji. Kazi ya kijana aliyevunjika moyo haifanyiki kwenye semina ya siku mbili yenye bango na chai. Inafanyika pale mtu yuleyule anapobisha hodi nyumbani kwao wiki ya kwanza, akafukuzwa, akarudi wiki ya pili. Wazimbabwe wamelionyesha hili kwa lile benchi la urafiki la Dk. Dixon Chibanda: bibi aliyefunzwa anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza, na wamelipima kitaalamu likaonekana linapunguza sonona. Zanzibar nao wamelichukua. Benchi lenyewe ni mbao tu. Kinachogharimu ni yule bibi kuwepo kila wiki.

#6 Mkono_Unaosema

Mimi ni kiziwi. Nasoma uzi huu wote na nina neno la kumwambia mleta uzi kwa heshima.

Umesema mna viziwi wachache. Mnaongea nao vipi? Nikiwa na miaka 19 nilikuwa nimechoka kuishi. Nilipelekwa kwa mshauri. Hakujua lugha ya alama. Akamwita mama yangu atafsiri. Yaani niseme mbele ya mama, kwa mikono ya mama, kwamba sitaki kuamka kesho? Nikasema niko sawa. Kwenye ripoti yao mimi nilihesabiwa "amepata ushauri nasaha".

Mkalimani si pambo la bajeti. Na mkalimani wa kumleta siku ya mgeni rasmi tu, ili apigwe picha jukwaani, huyo hatumtaki.

Pili, bodi yenu ina nani? Kuna wafadhili ambao hawatoi senti kama asasi haiongozwi na watu wenye ulemavu wenyewe. Abilis ya Finland iliyoanzishwa 1998 na watu wenye ulemavu iko hivyo, inatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vyetu. Ruzuku ndogo lakini inatuuliza sisi. Asasi nyingi zinatuandikia maandiko bila kutuuliza.

#7 Mratibu_Moro

Ndugu yangu, nimesoma mara tatu. Sina la kujitetea. Viziwi wetu wanne wanatafsiriwa na dada wa mmoja wao, mtoto wa kidato cha pili. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna wanachoshindwa kusema mbele yake.

Bodi ina watu saba. Mmoja ana ulemavu wa viungo. Hakuna kiziwi, hakuna anayeishi na ugonjwa wa akili. Mkutano wa bodi ni mwezi ujao na nitalipeleka hili kama ajenda ya kwanza. Nimeomba nikuandikie inboksi unisaidie kumpata mkalimani wa kweli, tuujue na ujira wake, uingie kwenye andiko tunaloandika sasa.

#8 Bahari_Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Kwetu hali ni ileile, majina tu ndiyo tofauti. Tuko na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na lina mfuko wake unaosaidia vikundi, karo na vifaa. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025, ikafuta ile ya 2003. Pia mashirika yetu yalihamia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma (PBO) iliyoanza kutumika Mei 2024, kwa hivyo wengi tumeshinda kwenye makaratasi ya usajili kuliko kwa vijana.

Ningetaka kuongeza kuhusu ripoti. Hapa kwetu Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa ni kinyume na Katiba. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kuandika kwenye ripoti ya mfadhili kwamba kijana fulani alijaribu, kwa sababu karatasi hutembea. Nyinyi Tanzania bado mko na kifungu hicho, sivyo?

#9 Mratibu_Moro

Ndiyo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Ndiyo maana ripoti zetu hazina majina wala kijiji, zina namba, na kitabu cha kuoanisha namba na majina kinakaa kabatini kwa ufunguo. Mfadhili akitaka "hadithi ya mafanikio" yenye sura ya kijana, tunampa mikono: mikono inafuma, mikono inapanda mchicha. Mmoja alisisitiza sura. Tulikataa, na ruzuku ikaendelea. Wenzangu msiogope kukataa hili. Kijana ana miaka 16 leo, picha itakuwa mtandaoni akiwa na 30 anatafuta mchumba.

#10 Mlipa_Kodi

Nitakuwa mkweli. Mimi huwa siziamini hizi asasi. Naona magari, naona hoteli, naona fulana. Mtaani kwetu kuna kijana anaokota makopo, anaongea peke yake, sijawahi kuona asasi imemgusa. Pesa zote hizo zinakwenda wapi?

#11 Mratibu_Moro

Kaka, hasira yako naielewa, na kwa yule kijana wa mtaani kwenu una haki nayo.

Kwanza, pesa zote hizo hazipo. Shirika la Afya Duniani linasema nchi kwa wastani hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Na shirika hilohilo linasema theluthi ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya 18. Yaani umri ambao shida inaanza ndio ambao hauna mtu.

Pili, kile kidogo kinachokuja kinapita ngazi. Mfadhili anatoa kwa shirika la kimataifa, nalo linatoa kwa la kitaifa, nalo kwa la mkoa, halafu sisi. Kila ngazi ina ofisi, na nyingine zinafanya kazi ya maana, sisemi ni wezi. Lakini kile kidogo kikifika kwetu kimekuwa cha kununua fulana, kwa sababu fulana ina risiti ya EFD na bodaboda hana. Hivyo ndivyo unavyoziona fulana mtaani bila kumwona mfuatiliaji. Mfumo unalipa kinachothibitishika kirahisi.

Huyo kijana wa makopo, kama anaishi jirani, mwone mtendaji wa mtaa akuunganishe na afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya. Nenda naye mwenyewe kama unaweza. Usiwapigie sungusungu.

#12 Aliyebaki_Njia_Panda

Nawasoma kimya tangu juzi. Sisi tulikuwa ngazi ya nne kwenye hiyo ngazi ya mleta uzi. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulipata ujumbe wa mistari sita kutoka kwa waliokuwa juu yetu: simamisheni shughuli zote. Tulikuwa na vijana 60 kwenye vikundi vya kusaidiana. Jumatano walikuja kama kawaida, wakakuta mlango umefungwa na mimi nimekaa kizingitini na wala sijui niseme nini. Kijana mmoja mwenye usonji aliendelea kuja kila Jumatano kwa miezi miwili, kwa sababu Jumatano ndiyo siku yake.

Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Nauliza bila ubishi: bado kuna wa kumwandikia?

#13 Mratibu_Moro

Pole sana ndugu. Hilo la Jumatano limenikaa moyoni.

Wapo, ila ni wadogo na kila mmoja ana tabia yake. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam inatoa kwa mwito, fuatilia na soma mwito mzima, maana mada hubadilika. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya ngazi ya chini. Hiyo ni ya majengo na vifaa, hailipi mishahara wala gharama za kila siku, kwa hiyo usimpelekee andiko la ushauri nasaha. Mpelekee choo chenye njia ya kiti cha magurudumu, au chumba cha karakana. Kanada ina mfuko wa miradi midogo, wa muda mfupi ndani ya mwaka mmoja. Abilis amemtaja Mkono_Unaosema.

Na kuna silaha moja mpya. Kwenye mkutano wa dunia wa ulemavu uliofanyika Berlin Aprili 2025 lilitolewa Azimio la Amman na Berlin, lenye lengo kwamba angalau asilimia 15 ya miradi ya maendeleo katika kila nchi ijumuishe watu wenye ulemavu. Waliotia saini ni serikali na mashirika mengi makubwa. Kama shirika kubwa lina mradi wa ajira kwa vijana wilayani kwenu, usiende kuomba ruzuku. Nenda uwaulize vijana wenye ulemavu wako wapi kwenye mradi wao, na uwaambie unao 60 wenye majina na daftari la mahudhurio. Mwaka jana sisi tulipata nafasi 9 za ufundi kwa njia hiyo. Hatukushika senti, ila nauli na mfuatiliaji vililipwa na wao. Sensa ya 2022 imeonyesha asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu, kwa hiyo mradi wa vijana 500 usio na hata mmoja, swali liko kwao.

Kwa kundi lenu, usiache Jumatano ife. Hata chini ya mti, hata bila chai. Mfadhili ajaye atauliza mlifanya nini pesa ilipokatika, na daftari lenye tarehe za miezi hiyo litajibu.

#14 Mama_wa_Mmoja

Shikamooni. Samahani naingilia, mimi si asasi. Ni mama tu, niko upande wa Kilosa. Mwanangu ana miaka 19, ana kifafa, na tangu mwaka jana hataki kutoka chumbani. Anasema watu wanamcheka. Dawa anakunywa zile fenobabitoni zikiwepo, zisipokuwepo nanunua. Kila anapoanguka naandika kwenye kidaftari, tarehe na saa na alikuwa anafanya nini. Nimejaza kurasa nyingi. Sijui kama kinasaidia. Nimeelewa nusu ya mnayosema. Naomba kuuliza kama kituo kinampokea mtu ambaye hataki kutoka.

#15 Mratibu_Moro

Marahaba mama yangu. Hujaingilia kitu, uzi huu ni wako.

Kidaftari chako ni kitu kikubwa sana. Daktari akikiona atajua mishtuko inakuja usiku au mchana, imeongezeka au imepungua, na kama ni siku zile dawa zilipokosekana. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla mishtuko inaweza kurudi kwa nguvu, kwa hiyo zikikaribia kwisha usisubiri vidonge viwili vya mwisho. Nenda kliniki mapema, na hilo la kukaa chumbani uwaambie pia. Wengi hawasemi, wanafikiri kliniki ni ya kuanguka tu.

Kuhusu asiyetaka kutoka: hao ndio tunaowafuata. Jumanne mfuatiliaji wetu anapita njia hiyo. Hatamwambia atoke. Atakaa na wewe uani, mtachambua mboga, atasikia sauti ngeni na hatalazimishwa chochote. Tutafanya hivyo hata mara kumi. Nimekuandikia inboksi.

#16 Mama_wa_Mmoja

Nimeiona. Nauli yake ya kuja ni shilingi ngapi nimtayarishie?

#17 Mratibu_Moro

Usitayarishe kitu mama. Iko kwenye bajeti.

#18 Mkono_Unaosema

Mratibu, mkalimani nimempata, yuko Morogoro mjini, amekubali Alhamisi mbili kwa mwezi kwa kuanzia. Ameniuliza jambo moja: chumba mtakachokaa kina mlango unaofungwa?